Mto wa mchanga, mto wa taa

Mgeni akifika Ukambani wakati wa kiangazi na kuonyeshwa mto, hucheka. Anatarajia maji, na badala yake anaona mchanga mweupe uliotandazwa kati ya kingo mbili, ng'ombe wakikatiza juu yake kama wanaovuka barabara. Hajui kwamba maji yapo. Yamo chini ya mchanga, na anayeyataka huchimba kwa mikono au kwa beleshi, akangoja mpaka shimo lijae polepole maji safi yaliyochujwa. Mimi nilizaliwa Makueni nikalelewa kwa maji hayo. Wenzangu wa mjini wanaposema kwamba mito yetu imekufa, huwajibu kuwa haijafa, imejifunika shuka. Tatizo ni kwamba siku hizi kuna watu wanaoiba shuka hiyo usiku kwa malori.

Nataka kuzungumza nawe juu ya mito hiyo, mpenzi msomaji, na pia juu ya kazi moja ya sanaa ambayo binti yangu, mwanafunzi katika chuo kimoja hapa Nairobi, aliitengeneza mwaka 2024. Kazi yenyewe haikuwa picha ya kutundika ukutani wala kinyago cha kuweka mezani. Ilikuwa sanaa ya kupanga vitu katika ukumbi, ili mtazamaji aingie ndani yake na kutembea humo. Alitengeneza mto. Mawazo yake yalitoka katika mto mtakatifu wa Wahindu, na katika ibada moja aliyoishuhudia kwa macho yake mpakani mwa Makueni na Kitui. Kazi hiyo ilizua maneno nyumbani, ukumbini na hata kanisani kwa mama yangu. Ili uielewe, yafaa nianze na jirani yetu na majivu yake.

Mzee wa duka la Kitui

Sisi huishi Ngara, mlango kwa mlango na familia ya Kihindi yenye asili ya Gujarat. Mama wa nyumba hiyo watoto wote wa jengo letu humwita Ba, yaani mama mzee kwa lugha yao. Mumewe tulimwita Mzee tu. Siku tuliyohamia hapo alinisikia nikimkemea mtoto kwa Kikamba, naye akanijibu kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu. Kumbe alizaliwa mjini Kitui, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo na vyakula.

Msomaji anajua kwamba reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo. Karibu 2,500 walifariki, wengi wakarudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000. Lakini pamoja nao, na baada yao, walikuja wafanyabiashara kwa gharama zao wenyewe. Hao ndio waliofungua maduka Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, na hata Kitui ambako gari moshi halikufika. Baba yake Mzee alikuwa mmoja wao.

Mama yangu, ambaye kwa Kikamba namwita Mwaitu, alipokuja kututembelea alimtambua Mzee papo hapo. Mwaitu ni mzaliwa wa Kitui, akaolewa Makueni. Alikumbuka hasa mwaka 1984, mwaka wa njaa ambayo Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa huku nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Mwaitu alikwenda kwao kutafuta unga. Alimkuta Mzee, ambaye alikuwa amerithi duka la baba yake, akikataa kumwuzia tajiri mmoja magunia yote yaliyobaki. Alimpimia kila mama kilo mbili, na foleni ilifika barabarani. "Nililisha watoto wangu kwa kilo mbili zile," Mwaitu alimwambia Ba, "na huyu wako hapa alikuwa mmoja wao," akanionyesha mimi.

Mzee alifariki Oktoba 2023. Mwili wake ulichomwa Kariokor kwa desturi ya Kihindu, na majivu yakatiwa katika chungu cha udongo kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wana wao wawili, mmoja yuko Leicester, Uingereza, na mwingine Toronto, Kanada. Walitaka majivu ya baba yao yapelekwe Haridwar, India, yamwagwe katika mto Ganga kama ya babu zao. Lakini Mzee alikuwa amemwachia Ba wosia. "India sijui hata njia ya kwenda sokoni," alimwambia. "Nipelekeni Athi." Chungu kikawekwa hekaluni miezi mitatu, na simu zikapigwa usiku na mchana kati ya nchi tatu.

Kwa nini Ganga?

Usiwalaumu wana hao. Kwa Mhindu, Ganga ni mama. Mto huo unatoka katika barafu za milima ya Himalaya, unasafiri yapata kilomita 2,500, na unaingia katika Ghuba ya Bengal. Watu zaidi ya milioni 400 wanaishi katika bonde lake. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Ganga ulikuwa mto wa mbinguni. Wana 60,000 wa mfalme Sagara waliteketezwa wakawa majivu, na roho zao hazikupata pumziko. Mjukuu wa ukoo huo, Bhagiratha, akafunga na kuomba miaka mingi mpaka Ganga akakubali kushuka duniani. Kwa kuwa nguvu za maji yake zingeivunja ardhi, mungu Shiva aliyapokea kwanza katika nywele zake, yakatiririka taratibu, yakayafikia yale majivu, na wafu wakapumzika. Ndiyo maana hadi leo mwana wa Kihindu huhisi ana deni kwa mzazi wake mpaka atakapoyakabidhi majivu kwa mto.

Hata hivyo, desturi hiyo ilikwisha kufika kwetu Afrika Mashariki zamani. Mahatma Gandhi alipouawa mwaka 1948, majivu yake yaligawanywa, na sehemu yake ikamwagwa mwaka huohuo katika mto Naili huko Jinja, Uganda. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa hapo mwaka 1997. Ba aliwakumbusha wanawe jambo hilo. Kama Naili ulimfaa Gandhi, alisema, Athi utamfaa muuza duka wa Kitui. Yule mdogo wa Toronto akakubali, akapanda ndege.

Safari ya Athi

Tuliondoka Nairobi alfajiri mwezi wa Januari 2024: Ba, mwanawe, kuhani wa hekalu lao, mimi na binti yangu. Mwaitu alitungoja Emali. Yeye ni mwanamke wa kanisa, wala hafichi. "Nimekuja kumsindikiza mwenye duka," alisema alipoingia garini. "Nitasimama kando. Taa sitawasha."

Tulipumzika Makindu, kwenye hekalu maarufu la Kalasinga lililoanzishwa mwaka 1926. Dini ya Kalasinga si ile ya Wahindu, lakini hapo msafiri yeyote hupewa chakula na malazi bila kuulizwa dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula. Mwaitu alikula chapati na dengu akaomba aongezewe chai.

Kutoka Kibwezi tukashika barabara ya kwenda Kitui mpaka penye daraja la mto Athi. Upande huu ni Makueni, ng'ambo ni Kitui. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alituonya kuhusu mamba, akatuonyesha mahali penye mawe ambapo mtu anaweza kufikia maji kwa usalama.

Tulipofika hapo, Ba alisimama asiseme neno. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, na hilo ni jambo la kawaida kwa Athi. Lakini katika matawi ya miti ya ukingoni, juu kuliko kichwa cha mtu, zilining'inia chupa za plastiki, vitambaa, viatu vya watoto na mabaki ya mifuko, vyote vimeachwa hapo na mafuriko ya Novemba 2023. Kwenye kona ya mwamba, maji yalipotulia, kulikuwa na povu lililonuka sabuni.

"Ba, turudi," mwanawe alisema. "Siwezi kumweka baba hapa. Nitampeleka Haridwar mwenyewe."

Ba akauliza, "Takataka hizi zinatoka wapi?"

Binti yangu ndiye aliyemjibu. Alimweleza kwamba mto Nairobi, ule unaopita karibu nasi Ngara na Kariokor, huungana na mito ya Ngong na Mathare, na yote humwaga maji yake katika Athi.

"Basi ni zetu," Ba alisema. "Zimetutangulia kufika."

Kisha akamwambia mwanawe jambo ambalo sijalisahau. Alisema amewahi kwenda Haridwar na Banaras, akaona maji machafu ya miji yakiingia katika Ganga, na mamilioni ya watu wakioga papo hapo kwa imani. Wao husema mto huo unaweza kuwa mchafu, lakini hauwezi kuwa najisi. Sisi wa Kiswahili tunaielewa tofauti hiyo. Nguo inaweza kuwa safi na isiwe tohara, na mikono ya mkulima inaweza kuwa na matope bila kuwa na najisi yoyote. "Wajukuu wakimchafua bibi yao," Ba alimwuliza mwanawe, "utamkana bibi, au utachukua maji umwogeshe?"

Kabla mwanawe hajajibu, tulimwona Mwaitu ameinama. Alikuwa ameshika gunia tupu la gari, anaokota chupa. Nilipomtazama akasema, "Kuokota taka hakuna kanisa linalokataza." Basi sote tukaokota, kuhani naye akakunja kanzu yake. Kijana wa mbuzi alipanda miti. Tulijaza magunia manne kabla ibada haijaanza.

Ibada yenyewe haikuwa ndefu. Kuhani aliimba sala. Mwana aliingia mpaka magotini akamimina majivu, pamoja na maziwa, ufuta na maua ya manjano. Ba akaweka utambi na samli katika kibakuli cha majani, akakiwasha, akakiachilia juu ya maji. Taa ile ilielea kama hatua hamsini, ikapigwa na wimbi dogo karibu na mwamba, ikazimika. Nilidhani atahuzunika. "Imetosha," alisema. Akauliza maji yale yanakwenda wapi. Nikamwambia kwamba mbele huko Athi huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Akatabasamu. Bahari hiyo ndiyo waliyoivuka wazee wake, na ndiyo inayopokea maji ya Ganga upande wa pili.

Magunia manne ya taka tuliyapakia garini tukayarudisha Nairobi. Binti yangu aliomba apewe yeye.

Mto ndani ya ukumbi

Miezi minane baadaye chuo chao kilifanya maonyesho ya wanafunzi. Mimi sikujua anachotengeneza. Nilijua tu kwamba amemwomba Ba vyombo vya shaba na amemwomba bibi yake, ambaye kwa Kikamba humwita Susu, kibuyu cha zamani cha kutekea maji.

Ukiingia katika ukumbi ule ulikuta mto wa mchanga sakafuni, wenye urefu wa hatua kumi na tano, umejipinda kama mito yetu inavyojipinda. Mwanzoni mwake vilipangwa vyombo kumi na viwili vya shaba vya kuchukulia maji ya ibada. Mwishoni kilikaa kibuyu kimoja cha Mwaitu. Juu ya kichwa chako, zikiwa zimefungwa kwa nyuzi kutoka darini, zilining'inia chupa zilezile tulizookota Athi, kwa kimo kilekile mafuriko yalipoziacha. Uliwaza kama ungekuwa umesimama hapo siku ya mafuriko, maji yangekuwa yamekufunika. Kila mgeni alipewa taa ndogo ya udongo aiwashe na kuiweka popote juu ya mchanga. Na kulikuwa na siri moja. Chini ya mchanga, mahali pachache, binti yangu alifukia mabeseni ya maji. Aliyechimba kwa mkono aliyapata. Watoto waliigundua siri hiyo kabla ya watu wazima, wakachimba mpaka viwiko vikaloa.

Mume wangu, kama Mkamba yeyote, aliuliza swali la soko. Sisi tunajulikana kwa vinyago. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi akafungua njia iliyolisha maelfu ya nyumba. "Kinyago huuzwa," mume wangu alisema. "Huu mchanga utamwuzia nani?"

Binti yake alimjibu kwamba haukusudiwi kuuzwa, wala kudumu. Alieleza kwamba Wahindu wana sanaa nyingi za namna hiyo. Wakati wa sikukuu ya Diwali akina mama huchora mapambo ya unga wa rangi mbele ya mlango, na kesho yake hufagiliwa. Katika sikukuu ya Ganesha mafundi hufinyanga sanamu ya udongo kwa ustadi mkubwa, watu huiheshimu kwa siku chache, kisha huizamisha majini ikayeyuka. Ustadi wote huo hurudi kuwa matope, na mwakani huanza upya.

Si wote waliofurahi. Bwana mmoja alimwambia binti yangu kwamba anawafundisha watoto wa Kikristo kuabudu miungu ya kigeni. Bwana mwingine, Mhindu, alilalamika kwamba ibada ya wafu si mchezo wa maonyesho. Binti yangu aliwasikiliza wote wawili bila kubishana. Ba alipofika, alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Hakuna aliyemwambia. Waliokuwa nyuma yake wakavua pia, na mpaka jioni hapakuwa na mtu aliyekanyaga ukumbi ule kwa viatu. Yule bwana wa pili alimwona Ba akiweka taa yake, akanyamaza, akachukua yake.

Mwaitu alizunguka mto ule mara mbili. Akainama, akachota mchanga, akausugua kati ya vidole. Sote tulingoja aseme kuhusu kibuyu chake au kuhusu taa. Akauliza, "Mchanga huu mmeutoa wapi?"

"Tumeununua, Susu. Kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi."

"Yeye aliutoa wapi?"

Binti yangu akasema muuzaji alimwambia ni mchanga wa Ukambani.

"Basi ni wa mtoni kwetu au kwa jirani yangu," Mwaitu alisema. "Umemaliza nao lini? Nataka urudi."

Adabu na kazi

Msomaji wa mjini anaweza kushangaa mchanga una thamani gani mpaka bibi wa miaka zaidi ya sabini audai. Mchanga ndio tangi letu. Mvua ya siku chache ikinyesha, maji hujipenyeza kati ya chembe zake, yakakaa humo miezi, jua lisiyanyonye na ng'ombe wasiyachafue. Katika mchanga mzuri wa mtoni, yapata robo hadi theluthi ya kile unachokiona ni nafasi ya maji. Lori likibeba mchanga, limebeba kisima. Kwa sababu ya mchanga wa kujengea majumba ya Nairobi watu wamepigana Makueni, na wengine wamepoteza maisha. Ndipo kaunti hiyo ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015.

Tulipokuwa tukiurudisha mchanga ule kwa pikapu, Mwaitu alitusimulia habari za ithembo, mahali patakatifu pa Wakamba wa kale. Palikuwa chini ya mti mkubwa, mara nyingi mkuyu, ambapo wazee waliombea mvua. Hakuna aliyethubutu kukata hata tawi. Karibu na kwao palikuwepo mahali kama hapo, ukingoni mwa mto. "Dini ilipokuja tuliambiwa tuache, tukaacha, na mimi sirudi huko," alisema. "Lakini hofu ilipoondoka hatukuweka kitu mahali pake. Mti ulikatwa makaa. Sitaki tambiko lirudi. Nataka adabu irudi."

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi, nikiyaweka kando ya yale ya Ba. Maana India inatufundisha kwamba adabu pekee haitoshi. Hakuna mto duniani unaoheshimiwa kama Ganga. Katika sherehe ya Kumbh ya mwaka 2025 mjini Prayagraj, mamia ya mamilioni ya watu walikwenda kuoga penye makutano yake na mto Yamuna. Hata hivyo, maji taka ya miji na viwanda yameuumiza mto huo kwa miongo mingi. Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuusafisha mwaka 1986, na mwingine mwaka 2014. Mwaka 2017 mahakama kuu ya jimbo la Uttarakhand ilitangaza kwamba Ganga na Yamuna ni viumbe hai wenye haki kama binadamu. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ya nchi ikasimamisha uamuzi huo, kwa kuwa serikali ya jimbo iliuliza: mto wenye haki kama mtu ukifurika na kuleta hasara, nani atashtakiwa? Hata sanamu za Ganesha, zilipoanza kutengenezwa kwa plasta na rangi za viwandani badala ya udongo, zilikuja kuwa uchafu mwingine.

Lakini India hiyohiyo ilikuwa na mtu kama Veer Bhadra Mishra wa Varanasi, aliyefariki mwaka 2013. Alikuwa mkuu wa hekalu na pia profesa wa uhandisi wa maji. Aliuheshimu mto kama mama yake, na mwaka 1982 alianzisha shirika la kuusafisha, likapima maji yake kwa vipimo vya sayansi na kutangaza yaliyomo. Kwake sala na kipimo vilikuwa vya mtu mmoja.

Nasi Ukambani tunao watu wa namna hiyo. Joshua Mukusya alianzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, na tangu wakati huo vikundi vya wanakijiji vimejenga mabwawa ya mchanga Machakos na Makueni. Huko Kitui, shirika la SASOL lilisaidia wanakijiji kujenga mamia yake tangu miaka ya 1990. Bwawa hilo ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu, na maji hukaa humo. Wanaobeba mawe ni mwethya, kikundi cha kufanya kazi kwa pamoja, na wengi wao ni akina mama. Nimewaona wakipanga foleni, jiwe likipita mkono kwa mkono huku wimbo ukiendelea. Binti yangu alisema hiyo nayo ni ibada. Mwaitu akasema ni kazi. Sikuona haja ya kuwaamua.

Mchanga wetu ulikuwa pikapu moja tu. Tulipoumwaga mtoni, majirani walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, kwani mto ule umepoteza malori yasiyohesabika. Lakini vijana watatu waliokuwa wakitazama walimwuliza binti yangu kwa nini mtu wa Nairobi arudishe kile ambacho wengine huja kukichukua. Wakaketi ukingoni, naye akawaeleza habari za Ganga, za Bhagiratha na za majivu ya mwenye duka wa Kitui. Mmoja wao, baadaye nilisikia, huwa anabebea malori mchanga kwa ujira wa siku. Sijui aliendelea nayo au aliacha. Ana watoto wa kulisha, na sheria haimpi unga.

Wewe uliye mjini huna haja ya kwenda India wala ya kuwasha taa. Jumapili hii watembeze watoto mpaka kwenye daraja lililo karibu na mtaa wenu, uwaulize mto ule unaitwaje na unakwenda wapi. Wengi hawajui. Waambie kwamba unakwenda Athi, na kwamba kuna watu Makueni na Kitui wanaoshuka ukingoni na punda na mitungi kuyateka maji hayo. Ukijenga nyumba, mwulize fundi mchanga umetoka mto gani na kwa ruhusa ya nani. Na kabla hujamwaga chochote mtaroni, ujue kwamba kitapita Athi, Galana na Sabaki mpaka baharini, njia ileile aliyopita Mzee wetu.